Maswali yanayoulizwa sana: ngozi ya samaki na utando wa uzazi kwenye kidonda cha mguu usiopata damu vizuri

Mimi ni nesi, kazi yangu ni vidonda, na wengi ninaowahudumia ni watu wa sukari wenye kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Siku hizi karibu kila wiki mtu ananionyesha video kwenye simu, ngozi ya samaki inabandikwa kwenye kidonda, halafu ananiuliza, sista hii kitu ipo kweli? Ipo. Haya ni maswali yanayojirudia, nimeanza na yale ya kawaida nikaenda kwenye magumu, na jibu likikuelekeza swali lingine nenda kalisome maana sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Hizi dresingi za tishu ni kitu gani hasa?

Ni tishu iliyotoka kwa mtu au mnyama, ikasafishwa kiwandani au kwenye benki ya tishu, ikauawa vijidudu, halafu ikalazwa juu ya kidonda ili mwili wako uitumie kujenga nyama mpya. Zinazotajwa sana ni utando wa ile chupa ya uzazi anayokaa mtoto tumboni, ngozi ya samaki, utando wa utumbo mdogo wa nguruwe, na kolajeni ya ng'ombe, yaani ile protini ya nyuzi inayojenga ngozi. Kuna nyingine zina seli hai kabisa, mfano Apligraf ya Marekani iliyoruhusiwa mwaka 1998 kwa vidonda vya mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, na mwaka 2000 kwa vidonda vya mguu wa kisukari, ile seli zake zilitokana na govi za watoto waliotahiriwa, watu wakisikia wanashangaa lakini ndivyo ilivyo.

Sio gozi, maana gozi kazi yake ni kufunika na kunyonya maji, na wala sio kupandikiza ngozi yako mwenyewe kutoka pajani. Iko katikati.

Ni kitu kipya hiki?

Kwenye simu ndio kipya. Mwaka 1910 daktari anaitwa Davis wa Johns Hopkins kule Baltimore alishaandika kuhusu kutumia utando wa uzazi kufunika sehemu zisizo na ngozi, na 1913 wengine wakautumia kwenye majeraha ya moto na vidonda sugu. Ulikuja kuachwa kwasababu kupima magonjwa na kuhifadhi ilikuwa shida, ukarudi teknolojia ilivyokua. Ngozi ya samaki ndio ya juzijuzi: kampuni ya Kerecis ya Ísafjörður, mji mdogo wa wavuvi huko Iceland, ilipata ruhusa Marekani mwaka 2013 kutumia ngozi ya samaki aina ya kodi (cod), na Brazil kule Fortaleza wakaja na ngozi ya tilapia, yaani sato wetu huyu, kwa watu walioungua moto. Mpaka dubu wawili walioungua nyayo kwenye moto wa California wakafungwa ngozi ya tilapia, mapema 2018.

Inafanyaje kazi? Ngozi ya samaki inaota mguuni?

Haioti, na haibaki. Umeshaona mafundi wanavyojenga ghorofa, wanasimamisha mirunda, wanapanda juu yake, wanajenga ukuta, mwisho mirunda inatolewa. Tishu hii ndio mirunda yenyewe. Ina nyuzi za kolajeni zenye matundu madogo madogo, seli zako zinaingia humo, vimishipa vya damu vinachomoza, na mwili unaivunja taratibu huku unaweka nyama yake.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalijui. Kidonda kilichokaa miezi kimejaa vimeng'enya vinavyokula nyama mpya kila inapojitokeza, ndio maana unasafisha leo kesho kutwa kiko vilevile. Ukiweka tishu, vile vimeng'enya vinashughulika kuila tishu, nyama yako inapata nafasi ya kupumua. Utando wa uzazi una faida ya ziada, una protini zinazoita seli na kupunguza ule uvimbe wa ndani.

## Habari ya damu

Kwanini mnanipima presha ya mguu kabla ya kuniwekea? Si kidonda mnakiona?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alisome hata kama ataacha mengine yote. Tishu haileti damu. Inasaidia vimishipa vidogo vichomoze lakini vinachomoza kutoka kwenye mshipa mkubwa ulio hai, sasa kama mshipa mkubwa umeziba pale nyuma ya goti ni kama umesimamisha mirunda yako vizuri kabisa halafu barabara ya kuingia saiti imefungwa, saruji haifiki, maji hayafiki. Mirunda itaoza hapohapo. Na mguuni kuoza maana yake ni kweli kuoza, maana umeweka protini yenye unyevu juu ya nyama isiyo na kinga.

Kwahiyo tunapima presha ya kifundo cha mguu tunaigawa kwa ile ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 mishipa imebana. Ikiwa chini ya 0.4, au presha ya kifundo iko chini ya 50, au ya kidole gumba chini ya 30, hapo haraka tunahitaji picha za mishipa na mtu wa mishipa, habari ya tishu inasubiri.

Mimi nilipimwa kifundo ikaja 1.4, si ndio nzuri sana?

Hapana, na hapa ndipo watu wa sukari wanapotegeka. Sukari ya muda mrefu, na figo zikishaguswa, mishipa inakuwa migumu kama bomba, mashine ikiiminya haiminyiki, inasoma namba kubwa ya uongo. Ukiona zaidi ya 1.3 usishangilie, omba kipimo cha kidole gumba, vimishipa vya vidole huwa havikakamai sana.

Na omba usikilizishwe doppla, kale kamashine ka kusikilizia damu inavyopita kwenye mshipa. Mshipa mzima unausikia unapiga kwa mdundo, shwaa-sha, shwaa-sha, kama mtu anatembea na ndala zilizolowa. Ulioziba unasikia upepo mmoja mrefu hafifu, fuuu, hauna mdundo. Ukishausikia mara moja hutausahau na hutahitaji mtu akutafsirie.

Nyumbani nitajuaje damu haifiki?

Mguu mmoja wa baridi kuliko mwenzake. Ngozi inang'aa na vinyweleo vimepotea. Ukitembea kidogo msuli wa mguu unabana mpaka usimame. Usiku kidole kinauma mpaka unauning'iniza mguu kando ya kitanda ndio unapata nafuu. Ukiuinua unapauka, ukiushusha unakuwa mwekundu wa kuiva. Ila mtu wa sukari mishipa ya fahamu imeshakufa, anaweza asisikie chochote, kwahiyo kutouma sio dalili nzuri hata kidogo.

Damu ikiwa haifiki ndio basi tena, sipewi?

Sio basi, ni mpangilio. Kuna kupanua mshipa kwa puto, kuna kuunganisha mshipa mwingine uruke pale palipoziba, na hospitali kubwa za Dar na Nairobi wanafanya. Kuna dawa za kuzuia damu kuganda na za mafuta ya damu, na kuna kuacha sigara, hii siongezi neno, sigara na kidonda cha mguu haviwezi kukaa mwili mmoja.

Kuna mama alimleta mzee wake na pakiti ya utando wa uzazi, mtoto wao yuko Muscat kawatumia, kakaa nayo kwenye mkoba kaifunga na kitambaa cha kitenge kama dhahabu. Mguu wa mzee ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi, presha ya kidole 22. Yule mama alilia nilipomwambia leo hatuifungui. Tukamwandikia mzee rufaa, akapanuliwa mshipa, akarudi baada ya wiki tatu presha ya kidole 48, mguu una joto, na ile pakiti ikafunguliwa siku hiyo. Vidole viwili vilikuwa vimeshakufa vikakatwa, ila kisigino kilichokuwa wazi kilifunga. Tungeifungua siku ya kwanza tungetupa pesa ya mtoto na pengine mguu.

## Kutumia

Siku ya kuwekewa inakuwaje?

Kazi kubwa ni ile ya kabla. Kidonda kinakwanguliwa, nyama iliyokufa na ule utando wa utelezi vinatoka mpaka tuone vitone vya damu. Hapo mgonjwa anaona tunamwumiza bure, kumbe vile vitone ndivyo tunavyovitafuta. Kama kuna usaha au mfupa umeoza hatuweki kitu mpaka hilo liishe.

Ngozi ya samaki ukiitoa kwenye pakiti ni ngumu kiasi, nyeupe, na ukiielekeza kwenye mwanga unaona alama za magamba zimepangana ingawa magamba yenyewe hayapo. Inalowekwa kwenye nomo salaini, yale maji ya chumvi ya hospitali, kidogo, inalainika, unaikata kwa mkasi ifuate umbo la kidonda, unaibonyeza na kidole kilichovaa glovu mpaka isiwe na hewa chini. Utando wa uzazi ni mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai, ukipumua karibu unajikunja, na una upande wa juu na wa chini kwahiyo baadhi ya watengenezaji wanaugonga alama ili usiugeuze. Juu yake unaweka dresingi isiyoshika, halafu gozi, halafu bandeji. Tishu ikihama hata kidogo siku mbili za mwanzo kazi imeharibika.

Nilifungua nyumbani nikakuta uteute wa njano, nikajua usaha nikaosha wote. Nimeharibu?

Pole, wengi wanafanya hivyo. Ngozi ya samaki ikianza kuvunjwa inageuka kitu kama jeli ya njano, na inaweza kuwa na kaharufu. Ule ni mabaki ya kazi, na mengine bado yanatumika pale chini, ndio maana tunakuambia usisugue. Usaha wa kweli unakuja na wenzake: wekundu unaotambaa kuzunguka kidonda, joto, uvimbe, homa, harufu kali inayojaza chumba, sukari kupanda ghafla bila sababu. Ukiona hivyo njoo siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili.

Usifungue mwenyewe kabla ya siku uliyopangiwa, labda bandeji imelowa mpaka nje.

Naruhusiwa kukanyaga?

Hapana, na kukanyaga kunaharibu vidonda kuliko kukosa tishu. Kidonda cha unyayo kinahitaji kupunguziwa uzito, kwa plasta ngumu ya mguu, kama ile ya mtu aliyevunjika, au kiatu kilichotengenezwa, na kwenye mguu wenye damu ndogo plasta inahitaji uangalizi wa karibu zaidi maana inaweza kubana. Kwenda msalani na kurudi nako ni kukanyaga, watu wananiambia sista sikukanyaga nilienda tu chooni.

Inawekwa mara ngapi?

Kawaida kila wiki au wiki mbili, kutegemea aina na jinsi kidonda kinavyoila. Jinsi ya kujua lini uache iko kwenye swali la wiki nne huko chini.

Inapona kweli au ni matangazo?

Inasaidia, haifanyi miujiza. Utafiti uliotoka 2024, ulifanyika Ufaransa, Italia, Ujerumani na Sweden kwa watu 255 wenye vidonda vya kina kirefu vya mguu wa kisukari, ulikuta wiki ya 16 waliofungwa ngozi ya samaki asilimia 44 walikuwa wamefunga kidonda, na waliopata huduma nzuri ya kawaida asilimia 26. Tofauti ni kubwa. Lakini soma na upande wa pili, zaidi ya nusu ya waliopata samaki bado walikuwa na kidonda. Anayekuuzia akikwambia inaponya wote, mwache na pakiti yake.

## Dini, mila na mashaka

Mimi Muislamu, nguruwe sitaki. Na asiyetaka ya ng'ombe je?

Sema kabla, na usione haya kuuliza imetoka kwa mnyama gani, ni haki yako na pakiti inaandikwa. Ile ya utumbo wa nguruwe ipo sokoni na wakati mwingine jina la pakiti halikuonyeshi. Kuna masheikh wanaozungumzia dharura, hilo kamuulize sheikh wako, upande wangu mimi naona samaki na utando wa uzazi vinatosha kutufanya tusifike kwenye mjadala huo. Vilevile Mhindu asiyetaka kolajeni ya ng'ombe aseme. Na mwenye mzio wa samaki lazima aseme, hiyo sio ya dini tena ni ya usalama.

Utando wa uzazi unapatikanaje? Kwetu kondo la nyuma linazikwa.

Najua, hata kwetu linazikwa, na bibi zetu walikuwa wanajua hasa limezikwa chini ya mti gani. Unatolewa na mama aliyekubali kwa maandishi, mara nyingi aliyejifungua kwa operesheni iliyopangwa ili usichafuke. Mama anapimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Utando unaoshwa, unakaushwa au kugandishwa, na mara nyingi unapigwa mionzi kuua vijidudu. Shirika la nguvu za atomiki la umoja wa mataifa, IAEA, limesaidia nchi nyingi kuanzisha benki za tishu za namna hii. Mama asiyetaka hachukuliwi, na mtoto hapungukiwi kitu.

Ngozi ya sato ya sokoni si ni ileile? Niikaushe niweke?

Usifanye. Nasema kwa herufi kubwa kabisa: USIFANYE. Wale wa Brazil wanaiosha kwa dawa za kuua vijidudu, wanaipitisha kwenye gliseroli hatua kwa hatua, na wanaipiga mionzi, kila fungu linapimwa. Sato wa ferini, wa soko la samaki, ana vijidudu vya ziwani, vya ndoo na vya kisu cha muuzaji. Kwenye mguu usio na damu ya kutosha vijidudu hivyo vinashinda ndani ya siku mbili, tatu. Vilevile usiweke majivu, dawa ya meno, mavi ya ng'ombe wala unga wa kapsuli.

Bei sina. Kuna njia nyingine?

Nyingi zinaagizwa nje na bei ni kali, uliza bima yako kwa maandishi kabla hujaanza. Zenye seli hai kwetu ni ngumu hata ukiwa na pesa: Apligraf inataka ikae kati ya nyuzi 20 na 23 na inaharibika ndani ya siku chache, na mwenzake Dermagraft ilikuwa inataka baridi ya karibu nyuzi 75 chini ya sifuri. Samaki na utando uliokaushwa vinakaa chumbani tu.

Kuna njia ya damu yako mwenyewe, inachukuliwa kidogo, inazungushwa kwenye mashine inakuwa kama kipande cha jibini chembamba, kinawekwa kidondani. Utafiti wa 2018 wa Uingereza, Denmark na Sweden ulionyesha asilimia 34 walipona kwa wiki 20, dhidi ya 22 wasiowekewa. Lakini ukiniuliza pesa ndogo iende wapi kwanza, nitakwambia kipimo cha damu ya mguu, kukwangua vizuri, kiatu cha kupunguza uzito na dawa ya sukari isiyokatika. Hivyo vinne vimefunga vidonda vingi ambavyo havijawahi kuona samaki.

## Hali ngumu

Mfupa au kano, ule mshipi unaoshika msuli kwenye mfupa, unaonekana, tishu inawekwa?

Inawezekana, na hapa ndipo tishu inapofanya kazi ya maana kabisa, kwasababu mfupa mtupu hauna damu ya juu, ukiweka ngozi yako ya paja haishiki. Tishu inawekwa ili nyama nyekundu itambae kutoka pembeni ifunike mfupa kwanza, baadaye ndio ngozi. Lazima mfupa uwe hauna maambukizi, na inachukua wiki nyingi.

Kidole kimekauka cheusi kama kaa. Kiwekewe tishu?

Hapana. Kikiwa kikavu, hakina harufu wala maji, kiache kikavu, usikiloweke, usikifunge na kitu chenye unyevu, wakati mwingi kitajitenga chenyewe au kitakatwa baada ya damu kushughulikiwa. Hata gamba jeusi kavu la kisigino kwenye mguu wa damu ndogo hatulikwangui. Kikianza kulowa na kunuka hiyo ni dharura, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wenye selimundu (siko seli), waliopigwa mionzi ya saratani na wanaosafishwa figo je?

Wote damu ya eneo lile ni shida kwa sababu tofauti. Kidonda cha selimundu juu ya kifundo kinafunga na kufunguka, tishu inaweza kujaribiwa huku mtaalamu wa damu akiwa ndani. Ngozi iliyochomwa na mionzi vimishipa vyake vimekufa, mara nyingi inahitaji nyama hai ihamishwe na daktari wa upasuaji. Mtu wa figo anapona taratibu kuliko wote, na mguu wake upimwe kwa kidole kama nilivyoeleza kwenye swali la aliyepimwa kifundo ikaja 1.4.

Nimewekewa wiki nne, hakijafunga. Niendelee?

Pima kwa rula, urefu na upana, usitegemee macho. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho baada ya wiki nne hakijapungua angalau nusu ya eneo lake kina nafasi ndogo ya kufunga kwa njia hiyohiyo. Usiongeze pakiti ya tano. Rudi upimwe damu tena, mshipa uliopanuliwa unaweza kubana tena, upigwe picha ya mfupa, na useme ukweli kuhusu kukanyaga. Tulishawahi kukuta mfupa umeoza chini ya nyama nzuri nyekundu ambayo sote tulikuwa tunaisifia, mimi nikiwa wa kwanza.

Wamesema vidole vikatwe. Nikikubali, hii tishu bado ina kazi?

Ina kazi. Pale palipokatwa mara nyingi panaachwa wazi, na kama damu inafika, tishu inasaidia pafunge na kuokoa sehemu iliyobaki usije ukapanda kukatwa juu zaidi. Uliza kabla ya operesheni: damu imepimwa? mshipa unaweza kupanuliwa kwanza? Majibu yasipokuwepo omba maoni ya daktari wa pili, hakuna atakayekukasirikia. Na ukija kliniki vua viatu vyote viwili, mguu ule mzima nao tunaupima.